Bamvua twalijua, Ziwa Nakuru latushinda

Ukitaka kujua maji yatajaa saa ngapi pale Kilindini siku yoyote ya mwaka huu, jibu lipo tayari. Halmashauri ya Bandari huchapisha jedwali lenye saa, dakika na kimo cha maji kwa kila siku. Mvuvi wa Faza au Shimoni asiye na jedwali hilo naye hana wasiwasi, anatazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu anajua bamvua limefika, na maji yatapanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu. Wazee wetu walilijua hili kabla ya meli ya kwanza ya chuma kutia nanga Mombasa.

Sasa, ndugu msomaji, tuiache bahari kwa muda tupande bara mpaka Nakuru. Huko kuna ziwa ambalo ukilisimamia juu ya kilima waliona lote, mwanzo hadi mwisho. Muulize mtaalamu yeyote: miaka 3 kutoka leo, ukingo wa ziwa hili utakuwa wapi? Akiwa mkweli hatakutajia mahali. Atakupa makadirio, na makadirio yenyewe atayafunga kwa "huenda".

Ni jambo la kushangaza. Bahari Hindi, ambayo mwanadamu hawezi hata kuiona ng'ambo yake, twaihesabia dakika. Ziwa dogo la Bonde la Ufa latushinda. Nataka leo tutazame kwa nini iko hivyo, kwa sababu jibu lake linatueleza akili ya mwanadamu inafika wapi na inakwama wapi katika kuuelewa ulimwengu huu. Na si suala la mjadala wa barazani tu. Kuna watu waliopoteza nyumba, shamba na makaburi ya wazazi wao katika pengo lililopo kati ya tunachojua na tusichojua.

Maji yaliyokataa kurudi

Kuanzia karibu mwaka 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Si moja, ni yote kwa mfululizo: Naivasha, Elementaita, Nakuru, Bogoria, Baringo, mpaka Turkana kule kaskazini. Watu walidhani ni mafuriko ya msimu, maji yatakaa miezi miwili mitatu kisha yatarudi. Hayakurudi. Mwaka 2020 yakapanda kuliko walivyowahi kuona wengi walio hai.

Ziwa Nakuru lilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 40 mwaka 2009. Miaka 12 baadaye lilikaribia 70. Lango kuu la mbuga ya wanyama likamezwa na maji, ikabidi lijengwe jingine. Kule Baringo, hoteli, shule na vituo vya afya vilivyokuwa mbali na ufuo vikageuka makao ya samaki na mamba. Bogoria, chemchemi za maji moto walizokuwa wakizifuata watalii zikafunikwa. Twiga 9 walikwama katika kisiwa cha Longicharo ndani ya Ziwa Baringo, wakavushwa mmoja mmoja kwa chelezo kuanzia Disemba 2020 hadi Aprili 2021. Naivasha, wakazi wa mtaa wa Kihoto walihama mwaka 2020, wengine wakarejea, na mwaka 2025 maji yakawafuata tena vyumbani.

Ripoti ya serikali iliyotolewa mwaka 2021 kwa ushirikiano na shirika la UNDP ilikadiria kwamba kupanda kwa maziwa hayo, pamoja na Ziwa Viktoria, kuliathiri kaya karibu 76,000, yaani watu wapatao 380,000. Hao ni Wakenya kama mimi na wewe, wengi wao wafugaji, wakulima na wavuvi, miongoni mwao Ilchamus wa Baringo na Waendorois wa Bogoria.

Hata ndege hawakusalimika. Heroe, wale ndege wa waridi tunaowaita flamingo, hula mwani unaoota katika maji makali ya magadi. Maji matamu yalipoingia kwa wingi, magadi yakapungua ukali, mwani ukapungua nao. Heroe wakatawanyika kwenda Bogoria na kwingineko. Ziwa lililokuwa na umaarufu wa dunia kwa sababu ya ndege hao likabaki na maji mengi na ndege wachache.

Nina jamaa zangu Nakuru, mtaa wa Bondeni, na nikienda huko hupenda kukaa na wazee baada ya swala ya alasiri. Mzee mmoja, umri wake umepita sabini, aliniambia hivi: "Mwanangu, mimi ziwa hili nimeliona likiwa kavu. Upepo ukivuma, vumbi jeupe la magadi laja mpaka mjini. Leo mwaniambia limemeza lango la mbuga. Sasa nambie wewe uliyesoma, ziwa lenyewe hasa ni lipi?"

Swali hilo la mzee ni zito kuliko linavyosikika. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa lilikauka karibu lote, na kabla ya mvua kubwa za 1961 lilikuwa limewahi kukauka vilevile. Upande mwingine, wanaochimba historia ya ardhi wamekuta tabaka za tope na fuo za kale zinazoonyesha kwamba miaka kama 10,000 iliyopita Nakuru na Elementaita zilikuwa ziwa moja kubwa lenye kina kirefu. Hyrax Hill, kilima cha mawe nje ya mji ambako Mary Leakey alichimba makazi ya watu wa kale mwaka 1937, wakati huo kilizungukwa na maji. Kwa hiyo ziwa la mwaka 1995 na ziwa la mwaka 2020 yote ni ziwa lenyewe. Ufupi ni wa umri wetu. Tumelitazama kwa maisha ya mtu mmoja, tukadhani tumelijua.

Sababu tatu, na kila mtu na yake

Ukiuliza kwa nini maji yamepanda, utapewa majibu matatu.

La kwanza ni mvua. Maziwa mengi ya Bonde la Ufa hayana mto wa kutoka. Nakuru linapokea maji ya mito ya Njoro, Makalia na Nderit na chemchemi za upande wa kaskazini ambazo, kwa bahati ya kumpendeza mtu wa pwani, huitwa Baharini. Mlango wa kutokea ni mmoja: jua. Maji yanayoingia yakizidi yanayokaushwa na jua, ziwa halina budi kutanuka mpaka uso wake uwe mpana wa kutosha kwa jua kulipa deni. Na kwa kuwa Nakuru ni ziwa la kina kifupi lililo juu ya ardhi tambarare, kupanda kidogo tu kwenda juu ni kusambaa mbali kwenda pembeni. Ni kama kumimina maji katika sinia badala ya gilasi.

La pili ni mkono wa binadamu. Msitu wa Mau umekatwa miaka mingi. Ardhi isiyo na miti hainywi maji ya mvua, inayaachia yateremke kwa kasi yakibeba udongo mpaka ziwani. Sinia linajaa tope chini, maji yanasukumwa juu.

La tatu ni ardhi yenyewe. Bonde la Ufa ni mahali ambapo bara linapasuka polepole. Upande wa mashariki, tuliko sisi wa Mombasa na Lamu, uko juu ya bamba liitwalo Somalia, na bamba hilo linajitenga na Afrika nyingine kwa milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zako zinavyokua. Katika ardhi ya namna hiyo kuna nyufa nyingi chini, na maji hupita humo. Ushahidi mzuri ni Naivasha: mito ya Malewa na Gilgil inaingia, hakuna mto unaotoka, na bado maji yake ni matamu. Ziwa lisilo na njia ya kutokea lilipaswa kuwa la chumvi au magadi. Lipo tamu kwa sababu linavuja chini kwa chini kuelekea kusini na kaskazini. Je, njia hizo zikiziba au zikifunguka, ziwa halitabadilika?

Watafiti wengi wanaipa mvua uzito mkubwa, na hoja yao ni nzuri. Maziwa yote yalipanda kwa pamoja, hata yale ambayo misitu yake haikukatwa sawa na Mau. Tena Ziwa Viktoria, ambalo haliko katika bonde lenyewe, lilivunja Mei 2020 rekodi yake iliyodumu tangu 1964. Tope la Mau haliwezi kuinua Viktoria. Lakini ukiuliza kila sababu ina fungu gani, mvua asilimia ngapi, misitu ngapi, nyufa ngapi, kwa ziwa hili na kwa lile, hapo ndipo makubaliano yanapoishia. Hasa kwa upande wa ardhini.

Kutikisa nazi bila kuipasua

Tuseme kweli kuhusu yaliyo chini ya miguu yetu. Kutoka hapa mpaka kitovu cha dunia ni kilomita 6,371. Shimo refu kuliko yote kwenda chini alilowahi kutoboa mwanadamu lipo Kola, nchini Urusi. Lilianzwa mwaka 1970 na likafika mita 12,262, yaani kilomita 12 na kidogo. Walitarajia joto la nyuzi 100, wakakuta 180, kazi ikasimama. Dunia ingekuwa nazi, basi hata kumbi hatujaimaliza.

Yote tunayoeleza kuhusu ndani ya dunia tunayapata kama mchuuzi anavyoijua nazi kabla ya kuipasua: anaitikisa sikioni, anaigonga, anasikiliza. Wanasayansi husikiliza mawimbi ya matetemeko yanavyopita ndani ya ardhi, wakakisia wapi ni mwamba mgumu na wapi ni kilichoyeyuka. Ni elimu ya kweli na imefika mbali. Lakini kusikiliza si kuona.

Mfano uko hapohapo Nakuru. Juu ya mji kuna Menengai, mlima uliolipuka zamani ukaporomoka ndani, ukaacha shimo la upana wa takriban kilomita 12 kwa 8. Mwaka 2011 Kampuni ya Ustawi wa Mvuke nchini, GDC, ilianza kutoboa visima humo kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Wataalamu walikuwa wameshapima, wamechora ramani, wamekadiria. Bado, katika baadhi ya visima, walipofika kina cha kilomita 2 hivi, chombo kilitoa vipande vya kioo kipya: mwamba ulioyeyuka ambao uliganda pale ulipoguswa na maji ya kutobolea. Walikuwa wamegusa uji wa volkano wenyewe mahali wasipotarajia. Kilomita 2 ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Ungekuwa ni umbali wa juu ya ardhi, mtoto wa shule angeujua.

Na mwaka 1928, Januari 6, ardhi ya Subukia, kaskazini mwa Nakuru, ilitetemeka kwa kipimo cha 6.9. Ni miongoni mwa matetemeko makubwa yaliyowahi kupimwa nchini Kenya. Karibu miaka 100 imepita, vyombo vimekuwa bora mara elfu, na mpaka leo hakuna mtu duniani awezaye kutaja siku ya tetemeko lijalo, Subukia au Tokyo.

Huu ni mpaka wa kwanza: hatujui kwa sababu hatujapima. Mpaka huu husogea. Kila kisima, kila chombo kipya, huusukuma kidogo. Hapo "sijui" maana yake ni "bado".

Kosa dogo linalokua

Mpaka wa pili ni mgumu zaidi, na ndio unaotofautisha bahari yetu na ziwa lao.

Kupwa na kujaa kwa maji kunaendeshwa na mwezi na jua. Ni vitu vikubwa vyenye mwendo usiobadilika, na ukikosea kidogo katika hesabu yako leo, kesho kosa linabaki dogo vilevile. Kwa sababu hiyohiyo tunaweza kusema sasa hivi kwamba Agosti 2, 2027 jua litapatwa, na kivuli kitapita Luxor, Jeddah na Makka, na sisi huku tutaona likimegwa kiasi. Hakuna mtaalamu anayesema "huenda".

Mvua haiko hivyo. Mwaka 1961, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani aitwaye Edward Lorenz alikuwa akiendesha hesabu za hewa katika kompyuta. Akataka kurudia sehemu, akaingiza namba 0.506 badala ya 0.506127. Aliona tofauti hiyo si kitu. Lakini matokeo yaliachana kidogo, kisha sana, mpaka mwisho yakawa ni hali mbili za hewa zisizofanana kabisa. Alichogundua ni kwamba kuna mambo ya ulimwengu ambamo kosa dogo halibaki dogo. Linazaa, na watoto wake wanazaa. Na kwa kuwa hakuna chombo kitakachopima hewa yote bila kosa hata chembe, utabiri wa mvua ya siku fulani hauwezi kwenda mbali. Wataalamu wanaona kikomo chake ni kama wiki mbili. Hapo hata uwe na kompyuta ya ukubwa wa Fort Jesus, "sijui" maana yake si "bado". Maana yake ni kwamba mlango wenyewe umefungwa.

Yaliyotokea kaskazini mwa bonde letu Novemba 3, 2013 yanaonyesha vizuri milango hii miwili. Siku hiyo jua lilipatwa, na wataalamu walikuwa wamehesabu miaka mingi kabla kwamba kivuli kitapita Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana. Watu walitoka mbali wakapiga kambi. Kivuli kilifika kwa wakati wake. Lakini upepo wa mchanga na mawingu navyo vilifika, vikawafunika wengi wasione. Tendo la mbinguni lilijulikana kwa sekunde, na wingu lililo juu ya kichwa halikujulikana. Sisi Waislamu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana, maana kila mwisho wa Shaabani tunajua kwa hesabu mwezi unazaliwa saa ngapi, kisha tunapanda mapaa kungoja kama wingu litaturuhusu kuuona.

Sasa tukirudi kwenye maji ya Nakuru, sehemu ya siri yake imo katika bahari yetu. Mwishoni mwa mwaka 2019, Bahari Hindi upande wetu ilipata joto kuliko kawaida, na upande wa Indonesia ikapoa. Tofauti hiyo ilikuwa miongoni mwa kubwa kuwahi kupimwa. Hewa yenye unyevu ikavutwa huku, vuli ikageuka gharika, na maziwa yaliyokwisha kujaa yakapokea zaidi. Maji yaliyoingia nyumba za Kihoto na Kampi ya Samaki, mengi yake yaliondoka baharini kwetu yakiwa mvuke. Hali ya bahari hiyo huweza kuonekana miezi michache kabla. Miaka 3 kabla, haionekani.

Setilaiti iliyorushwa Ngomeni

Kuna mpaka wa tatu, na huu ni wa mbali kabisa, ingawa nao una historia ya hapa pwani. Disemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, Waitaliano waliokuwa na jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, walirusha setilaiti ya Wamarekani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei kutoka angani, miale ambayo jicho haliioni na hewa ya dunia huizuia. Iliorodhesha vyanzo 339. Kimoja, Cygnus X-1, kilikuja kuwa ushahidi wa mwanzo wenye nguvu kwamba mashimo meusi, vitu vizito ambavyo hata nuru haitoki ndani yake, yapo kweli. Mkuu wa kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Kwa hiyo jina la Kiswahili limeandikwa katika historia ya elimu ya nyota. Lakini tazama elimu hiyo imetufikisha wapi. Tangu wakati huo vyombo vimeongezeka, na hesabu ya leo inasema kwamba vitu vyote tunavyovijua, nyota, sayari, bahari, mawe, mimi na wewe, ni karibu asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni. Zilizobaki zimepewa majina ya maada ya giza na nishati ya giza. Jina giza hapo si maelezo, ni ungamo. Tena kwa kuwa nuru ina kasi yenye kikomo na umri wa ulimwengu ni kama miaka bilioni 13.8, kuna sehemu ambazo nuru yake haijatufikia, na nyingine haitatufikia kamwe. Kadiri tulivyojifunza zaidi, ndivyo tulivyojua upana wa tusichokijua.

"Sijui" isiyo ya uvivu

Mtu anaweza kusema: basi kama ni hivyo, tukae tungoje. Hapana. Hapo ndipo ninapotaka kuweka mkazo, kwa sababu watu wanaumizwa na namna mbili za kukosea mpaka.

Wa kwanza ni anayejifanya kujua. Dalali wa ploti anayekuambia "maji hayajawahi kufika hapa" huku ukweli ni kwamba yeye hajawahi kuyaona. Mhubiri anayewaambia waliofurikiwa kwamba ni dhambi zao. Mwanasiasa anayeahidi kwamba maji yatarudi, jengeni tu. Machi 2018, mvua kubwa ilipofungua mpasuko mrefu karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, vyombo vya habari vya dunia vilitangaza kwamba Afrika imeanza kugawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi walikuwa wapole zaidi: mvua ilikuwa imeosha majivu laini ya volkano yaliyojaa katika ufa wa zamani. Mabara yanaachana, ndiyo, lakini si kwa wiki moja.

Wa pili ni anayejificha nyuma ya kutojua. Aprili 29, 2024, maji yaliporomoka kabla ya alfajiri karibu na Mai Mahiu, yakaua zaidi ya watu 40 waliokuwa wamelala. Hakuna aliyeweza kutaja saa ile. Lakini kwamba msimu ule mvua zingezidi kiwango ilikuwa imeshatangazwa, na bonde lililo chini ya mkondo wa maji halihitaji setilaiti kulijua. Kutojua siku si sawa na kutojua hatari. Mabaharia wetu hawakujua siku ya dhoruba, na bado walijua msimu wa kutosafiri.

Kwa upande wa maziwa, hatujui ukingo utakuwa wapi miaka 3 ijayo. Lakini tunajua umewahi kufika wapi, kwa maana ardhi imeweka alama zake. Basi alama hizo ndizo ziwe mpaka wa kujenga, si ukingo wa leo. Ukipima mita kadhaa kutoka kwenye maji yanayotembea, umepima kutoka kwenye kitu ambacho hakipo. Anayenunua ploti Naivasha au Nakuru asiulize maji yako wapi, aulize yalifika wapi wakati wa baba na babu wa aliyezaliwa hapo. Serikali nayo iweke vigingi vinavyoonekana kwenye kimo cha juu, itangaze vipimo vya maziwa kila mwezi mahali ambapo chifu na mwananchi watavisoma, na waliokwisha kuhama wapewe ardhi badala ya kuambiwa wangoje. Miaka ya kungoja imekwisha kuwa mingi.

Nasi wa pwani tusisikilize haya kama habari za bara. Bahari ambayo twaijua kwa dakika katika kupwa na kujaa, hatuijui hivyo katika kula ufuo. Ukuta uliojengwa chini ya Fort Jesus miaka ya karibuni umejengwa kwa sababu mawimbi yalikuwa yakiuchimba msingi. Bamvua la kesho lipo katika jedwali. Bamvua la mwaka 2075 litafika wapi, jedwali halisemi.

Mwisho, kuna lile swali ambalo hakuna chombo kitakalolipima. Mama aliyefurikiwa haulizi tu maji yametoka wapi. Anauliza kwa nini mimi. Hilo si la jiolojia, na mwanajiolojia akilijibu amevuka kazi yake, kama vile shehe akijibu kina cha Ziwa Bogoria amevuka yake. Wanazuoni wetu walikuwa na adabu nzuri katika jambo hili. Inasimuliwa kuwa Imam Malik aliulizwa maswali mengi na mtu aliyetoka safari ya mbali, na mengi kati ya hayo akayajibu kwa neno moja: sijui. Hakuona aibu, na heshima yake haikupungua. Na mpaka leo mufti akimaliza hoja zake zote hufunga kwa "Allah ndiye ajuaye zaidi", baada ya kufanya kazi ya kutafuta, si kabla yake.

Mzee wa Bondeni nilimjibu kwamba ziwa hasa ni lile linalokauka na kujaa, na sisi ndio tuliolijengea kana kwamba limesimama. Akacheka, akasema basi watu wa mipango miji nao waje wakae kibarazani.

Wallahu aalam.